UZI: Mchoro wa bahari usio na mashua wala mtu. Les Îles d'Or ya Henri-Edmond Cross (1891–92)

Mkaa na Chaki (mwenye uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye ule uzi wa picha za ukutani niliweka mchoro wa Henri-Edmond Cross, Les Îles d'Or, yaani Visiwa vya Dhahabu. Wawili watatu wakauliza "sasa hapo kachora nini?", na mmoja akamalizia kwamba hata mtoto wa chekechea ukimpa rangi na kijiti cha kusafishia masikio anakutolea hiyo kabla ya uji wa saa nne. Sikutaka kuharibu uzi wa watu. Tubishane hapa.

Kwanza mchoro wenyewe. Si mkubwa: urefu karibu sentimita 60, upana karibu 55, rangi ya mafuta kwenye kanvasi. Upo Makumbusho ya Orsay, Paris. Cross aliufanya akiwa pwani ya kusini mwa Ufaransa, upande wa Mediterania, akitazama visiwa vya Hyères, yaani Porquerolles, Port-Cros na Levant. Hivyo ndivyo vinavyoitwa Visiwa vya Dhahabu.

Ukiufungua kwenye simu anza kuutazama kutoka chini. Chini kabisa kuna ukanda wa mchanga. Juu ya mchanga ni maji, na maji ndiyo yaliyochukua sehemu kubwa. Juu ya maji vimelala visiwa, bluu inayoelekea zambarau. Halafu kipande cha anga. Imeisha hiyo. Hakuna mashua, hakuna mvuvi, hakuna mti wa kukupa kivuli, hakuna hata wimbi lililovunjika. Jua lenyewe halipo, ila mwanga wake umejaa kila mahali. Na vyote hivyo, mchanga, maji, mawe na hewa, ni vidoa vya rangi, kimoja kando ya kingine.

Sasa ikuze. Vidoa vya mchangani ni vikubwa na vimeachana. Ukipanda kwenye maji vinapungua na kubanana. Kule visiwani na angani vimekuwa vidogo, vimepauka, na tofauti ya rangi kati ya kimoja na jirani yake imepungua. Hapo ndipo kazi ilipo. Mchoraji akitaka kukuonyesha umbali kwa kawaida anakupa njia inayosinyaa, au mashua kubwa mbele na nyingine ndogo nyuma. Cross alijinyima yote hayo. Umbali mzima kaubebesha ukubwa wa kidoa na ukali wa rangi. Mtoto wa chekechea atajaza karatasi vidoa, sikatai, lakini vitakaa palepale juu ya karatasi. Hivi vya Cross vinakwenda mbali mpaka ng'ambo ya maji.

Huyu Cross ni nani? Alizaliwa Douai, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 20 Mei 1856. Baba Mfaransa, mama Mwingereza. Jina lake la kuzaliwa ni Delacroix, na hapo ndipo balaa lake lilipoanzia, maana Ufaransa ilishakuwa na Eugène Delacroix, mmoja wa wachoraji wakubwa wa karne ile. Uende na kazi zako mjini ukiwa na jina hilo! Mwaka 1881 akaligeuza kwa Kiingereza, akawa Henri Cross. Kumbe kuna mchongaji anaitwa Henri Cros. Mwaka 1886 akaongeza Edmond katikati, ndipo akapumua.

Kazi zake za mwanzo zilikuwa za giza giza, rangi za udongo. Mwaka 1884 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Wasanii Huru pale Paris, pamoja na Georges Seurat na Paul Signac. Seurat ndiye baba wa mtindo huu. Mchoro wake wa Jumapili kwenye kisiwa cha La Grande Jatte, wa karibu mita 2 kwa 3, ulionyeshwa mwaka 1886 kwenye maonyesho ya nane na ya mwisho ya Waimpreshonisti (kundi la kina Claude Monet, waliochora mwanga wa papo kwa papo), na mwaka huohuo mhakiki Félix Fénéon akawapa jina: Waimpreshonisti mamboleo. Cross alikuwa rafiki yao lakini hakuingia. Alikaa pembeni miaka kadhaa akiwatazama. Seurat akafariki ghafla Machi 1891, akiwa na miaka 31 tu, na ni mwaka huohuo Cross akaonyesha kazi yake ya kwanza kubwa ya mtindo ule, picha ya Madame Hector France, mwanamke ambaye baadaye alimuoa.

Mwaka huo pia akahamia kusini. Hakwenda kutalii, alikuwa anasumbuliwa na baridi yabisi. Akakaa Cabasson, kijiji cha pwani, kisha Saint-Clair karibu na Le Lavandou, na hapo Saint-Clair ndipo alipofia mwaka 1910. Kwa hiyo Les Îles d'Or ni bahari ya mtu aliyekwenda kutafuta joto kwa ajili ya viungo vyake. Sisemi ndiyo sababu ya uzuri wake, maana wagonjwa waliochora vibaya ni wengi. Nasema alikuwa na haja na lile jua.

Msimamo wangu ni huu: kwa upande wa bahari, Cross huyu wa 1892 anawazidi Seurat na Signac. Seurat alichora bandari za kaskazini, Honfleur, Port-en-Bessin, Gravelines, safi kabisa, lakini kuna ubaridi fulani kama mtu aliyepanga vitu kwa rula. Signac alipenda mashua mno (alikuwa baharia kwelikweli), hivyo bahari yake daima ina shughuli. Cross peke yake ndiye aliyethubutu kuacha bahari ikiwa bahari tu. Karibuni.

---

Chumvi Chumvi

Naweka kambi hapa. Kahawa ipo, kashata ipo. Endeleeni.

---

Bwana Kipimo

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka jambo kuu. Sisi tuliofundishwa sanaa tuliambiwa siri ya vidoa ni kwamba rangi zinachanganyikia kwenye jicho badala ya kwenye ubao wa kukorogea rangi. Unaweka njano na bluu, ukirudi nyuma unaona kijani, na kijani hicho kinang'aa kuliko cha kuchanganya kwa brashi. Ni kama televisheni tu. Sasa wewe hata hujagusia. Au hukubali?

---

Mkaa na Chaki

@Bwana Kipimo sikugusia makusudi, nilijua kuna mtu ataileta. Maelezo hayo yako kwenye kila kitabu na nusu yake haisimami. Kuna mwalimu wa fizikia humu jukwaani, ngoja nimwite. @Ticha Lenzi, njoo mwalimu, usituache.

---

Ticha Lenzi

Nimeitwa, nimefika.

Televisheni na kanvasi ni vitu viwili tofauti. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe. Nukta nyekundu na ya kijani zikikaa pamoja, mwanga wao unajumlishwa, unapata njano. Rangi ya kupaka haitoi mwanga, inarudisha sehemu ya mwanga ulioipiga na kumeza uliobaki. Weka kidoa cha njano na cha bluu vilivyo sawa kwa ukubwa, kaa mbali: jicho linapata wastani wa hivyo viwili. Na wastani wa njano na bluu si kijani kinachong'aa, ni kijivu fulani. Jaribuni na karatasi mbili za rangi zilizokatwa vipande vidogo mkagandisha ukutani, mtaniambia. Kwenye michoro hii pakitakiwa kijani, kwa kawaida mtakuta mchoraji ameweka vidoa vya kijani. Hakumwachia jicho kazi hiyo.

Wale jamaa walikuwa na ukweli kiasi. Ukikoroga rangi mbili kwenye ubao, kila moja inameza mwanga wa mwenzake, matokeo yanakuwa na giza kuliko wastani. Vidoa angalau havishuki hivyo. Lakini kung'aa kuzidi rangi zenyewe? Hapana.

Halafu kuna suala la umbali. Jicho zima linatenganisha vitu vilivyoachana kwa pembe ya sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja. Kidoa cha milimita 3 kinafikia kiwango hicho ukiwa kama mita 10. Sasa mchoro wa mwenye uzi una urefu wa sentimita 60. Ukienda mita 10 nyuma ili vidoa viyeyuke, unautazama kwa ukubwa uleule wa simu yako iliyosimamishwa mita mbili na nusu kutoka ulipo. Nani anatazama mchoro hivyo? Hata chumba chenyewe hakitoshi. Kwa hiyo mtazamaji wa kawaida akiwa mita mbili au tatu, vidoa anaviona. Na wachoraji hawakuwa wajinga, walijua anaviona.

---

Bwana Kipimo

Sawa Ticha, kwa hiyo vidoa vya nini sasa? Kama havichanganyiki si angepaka tu kwa brashi pana amalize?

---

Ticha Lenzi

Hapo ni kwa mwenye uzi, mimi naishia kwenye pembe na nyuzi.

---

Mkaa na Chaki

Asante mwalimu. @Bwana Kipimo, jibu langu ni ujirani.

Kulikuwa na mzee mmoja mwanakemia, Michel-Eugène Chevreul (huyu aliishi mpaka miaka 102, alifariki 1889). Alikuwa mkuu wa idara ya kutia rangi nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wateja walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefubaa. Akapima rangi yenyewe, haina kasoro. Akagundua tatizo ni majirani: nyeusi ikifumwa kando ya bluu au zambarau inaonekana imechujuka. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo, jinsi rangi mbili zikikaa bega kwa bega kila moja inavyomsukuma mwenzake upande wa pili. Machungwa kando ya bluu: machungwa inawaka zaidi, bluu nayo inakolea. Kando ya njano, machungwa ileile inaelekea wekundu.

Hicho ndicho Cross anachokifanya kwenye mchanga na maji. Ukikuza sehemu ya chini unakuta mchanga si rangi moja. Kuna vidoa vya njano na machungwa, hao ni jua, na katikati yao vya rangi za baridi vinavyowasukuma wawake. Jicho linaona ugomvi huo bila kuumaliza. Picha inakaa ikitetemeka kidogo, kama hewa ya saa saba mchana inavyotetemeka juu ya mchanga. Brashi pana isingekupa hilo hata siku moja.

Signac mwenyewe kwenye kitabu chake cha 1899 alikerwa sana na watu waliowaita wachoraji wa nukta. Alisisitiza kwamba wao hawatii nukta, wanagawa rangi. Nukta ni namna tu ya kushika brashi.

---

Mzee wa Uchapaji

Vijana nimewasoma. Mimi nimekaa kwenye uchapaji tangu enzi za sahani za risasi mpaka hizi za kompyuta, niongezee kidogo.

Chukua kalenda yoyote iliyochapwa kiwandani, weka lenzi ya kukuzia juu ya picha ya bahari. Utakuta nukta za bluu ya maji, pinki iliyokolea, njano na nyeusi, basi. Rangi nne tu. Hapo kweli kijani kinatokea kwenye njano na bluu, lakini angalia sababu: wino wetu unapitisha mwanga, na nukta zinapandana. Njano inakaa juu ya bluu, mwanga unapita zote mbili. Huyu bwana wa Ufaransa rangi yake ni nzito, haipitishi hivyo, na hapandishi. Kwa hiyo Ticha yuko sahihi, msiwafananishe.

Tena nukta zetu zimepangwa kwa mashine, kila safu ina pembe yake. Hizo za kwenye mchoro ni mkono. Ukitazama vizuri, majini zimelala kwa mlalo kufuata maji. Mashine haijui kwamba hayo ni maji.

---

Chumvi Chumvi

Shikamoo mzee. "Mashine haijui kwamba hayo ni maji." Hiyo naichukua.

---

Mzee wa Uchapaji

Marahaba. Ichukue, ni ya bure.

---

Binti wa Raskazone

Mimi si mtu wa sanaa, nimevutwa na kichwa cha uzi. Nakaa Tanga, bahari naiona kila siku, na naomba niseme: bahari ya mchana haina rangi kali kama wanavyoichora wenzetu wa kwenye maduka ya zawadi. Saa sita mchana ukiangalia kutoka ufukweni, maji ya mbali yanakuwa meupe meupe, yanaumiza macho. Bluu ya kukolea unaipata asubuhi au jua likishainama. Huu mchoro nimeufungua nikashangaa, maji yake ya kati yamepauka kabisa. Huyu mtu alikaa ufukweni kweli au alibuni?

---

Mkaa na Chaki

@Binti wa Raskazone dada yangu, umeona kitu ambacho wahakiki wanakizungukia kurasa kumi. Signac alifika kule kusini mwaka 1892 kwa mashua yake Olympia, akatia nanga Saint-Tropez. Baada ya muda akaandika kwenye shajara yake kwamba nchi ile watu wanadhani ni ya rangi kali, kumbe ni ya weupe: mwanga unarudishwa na kila kitu mpaka unakula rangi za vitu vyenyewe. Ndiyo hiyo saa sita yako.

Alikaa ufukweni? Alikaa, lakini kwa penseli na rangi za maji. Kanvasi ilifanyiwa kazi ndani, polepole. Mtindo huu hauwezekani kufanyika ufukweni huku upepo ukikurushia mchanga. Hapo ndipo walipoachana na kina Monet, ambao walikimbizana na mwanga kabla haujabadilika. Hawa waliurudisha mwanga nyumbani wakaupanga upya.

---

Mnyonge Mwenye Haki

Samahani kuwaharibia starehe. Hawa si ndio watoto wa matajiri, hawana njaa, wanakaa ufukweni miezi sita wakitia nukta? Mfanyakazi wa kiwandani wa Ufaransa wa 1892 alikuwa anafaidika nini na hayo?

---

Mkaa na Chaki

@Mnyonge Mwenye Haki swali ni halali, na wao wenyewe lilikuwa likiwakera. Cross, Signac na wachoraji wenzao Camille Pissarro na Maximilien Luce walikuwa waanaki, watu waliotaka dunia isiyo na serikali wala mabwana. Cross alichangia michoro kwenye gazeti la Jean Grave, Les Temps Nouveaux. Yule Fénéon aliyewapa jina alikuwa karani wa Wizara ya Vita mchana, na muda mwingine yuko na waanaki. Mwaka 1894 alikamatwa, akashtakiwa pamoja na wenzake kwenye kesi maarufu ya watu thelathini, akaachiwa. Na Les Îles d'Or tunayobishania hapa ilikuwa mali yake.

Signac alichora turubali kubwa la zaidi ya mita 3 kwa 4, watu wanapumzika kando ya bahari, wanachuma matunda, wanasoma, wanacheza. Jina la kwanza lilikuwa Enzi ya Uanaki. Serikali ilipoanza kukamata watu akalibadilisha likawa Enzi ya Maelewano. Leo liko kwenye ofisi za manispaa ya Montreuil, nje kidogo ya Paris. Kwao ile pwani yenye jua ilikuwa ndoto ya jinsi mfanyakazi atakavyoishi. Unaweza kusema ni ndoto ya mtu aliyeshiba. Mimi sitakupinga sana.

---

Mnyonge Mwenye Haki

Kesi ya watu thelathini sikuijua. Naendelea kusoma, ila bado nakutazama kwa jicho la pembeni.

---

Kobe Mtupu

Vipi kuhusu Tingatinga? Nao si wana nukta?

---

Mkaa na Chaki

Wanazo, hasa waliokuja baada ya mzee Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyeanza Dar mwaka 1968 na kufariki 1972. Lakini nukta zile zinafanya kazi nyingine. Ndege wa Tingatinga ana nukta kwa sababu manyoya yake yamepambwa, na nyuma yake ni rangi bapa iliyopakwa kwanza. Ukiondoa nukta, ndege anabaki. Kwa Cross ukiondoa nukta unabaki na kanvasi tupu. Sipangi nani juu nani chini, nasema tu hazifanani kazi. Na rangi ile ya makopo inakauka upesi, hivyo fundi wa Tingatinga anaweza kurundika nukta juu ya nukta siku hiyohiyo. Rangi ya mafuta ya mirija, thubutu.

---

Fundi Brashi

Hapo kwenye kukauka niingilie, maana nimejaribu mtindo huu kwenye kazi za wateja na umenitoa jasho.

Rangi ya mafuta inakaa mbichi siku kadhaa. Ukiweka kidoa cha machungwa leo na ukataka cha bluu kimguse ubavuni leo hiihii, brashi inaburuta, unapata tope. Rangi kinzani zikichanganyika ndiyo tope baya kuliko yote, kahawia isiyo na jina. Kwa hiyo unaweka safu ya kwanza ikiwa imeachana, unasubiri ishike, unarudi kujaza. Mchoro mdogo wa sentimita 60 unaweza kukukalia wiki na wiki. Brashi ya mviringo ya nywele ngumu, na unaifuta kwa kitambaa kila unapobadili rangi, kila mara! Hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Pissarro mwenyewe alijaribu miaka kama minne akaacha, akaona inamfunga mikono.

Kwa anayetaka kujaribu: tupa nyeusi, tupa kahawia zote za udongo. Baki na njano mbili, nyekundu, machungwa, zambarau, bluu mbili, kijani na nyeupe. Kina Signac ndivyo walivyofanya. Nyeupe utaitumia kuliko unavyodhani, kwa sababu ya ule mwanga aliousema dada wa Tanga. Kivuli usikitie nyeusi, kitie bluu na zambarau. Na usianze na bahari. Anza na chungwa moja juu ya kitambaa.

Swali kwa mwenye uzi: je, Cross aliendelea hivi maisha yote? Maana mikono ya baridi yabisi na vidoa elfu kadhaa, sioni.

---

Mkaa na Chaki

@Fundi Brashi hakuendelea. Kuanzia katikati ya miaka ya 1890 yeye na Signac walikuza alama. Vidoa vikawa vipande vya mstatili, kama mozaiki, na kati ya kipande na kipande kanvasi tupu inachungulia. Tazama The Pink Cloud, wingu la waridi, lipo Cleveland kule Marekani, la mwaka 1896 hivi. Rangi nazo zikaacha kufuata asili: miti ya zambarau, ardhi ya waridi.

Na hilo ndilo lililomnasa mchoraji mwingine, Henri Matisse. Kiangazi cha 1904 Matisse alikaa Saint-Tropez jirani na Signac, na Cross alikuwa hayuko mbali, wakawa wanatembeleana. Nyumbani kwa Signac palikuwa na mchoro wa Cross, L'Air du soir, wanawake kando ya bahari jioni. Matisse akatoka na Luxe, calme et volupté, wa vipande vya rangi vilevile, na Signac akaununua. Mwaka uliofuata Matisse akauacha mtindo, na Paris ikapigwa butwaa na rangi zake. Kwa hiyo vidoa hivi vya chekechea vina wajukuu.

---

Bwana Kipimo

Nimekubali ujirani. Ila swali la mwisho: rangi hizo zimedumu? Miaka zaidi ya 130!

---

Mkaa na Chaki

Inategemea nani alinunua nini dukani. Ile La Grande Jatte ya Seurat iliumia. Alitumia njano ya zinki iliyokuwa mpya sokoni, na haikuchukua miaka mingi vidoa vyake vya njano kwenye majani vikaanza kuwa kahawia. Seurat mwenyewe alikuwa bado hai. Wazia mtu amejenga hoja nzima juu ya njano inayowaka, halafu njano inamgeuka. Signac alikuwa na habari hiyo, akawa mwangalifu zaidi na mirija yake.

---

Binti wa Raskazone

Mimi nataka kuuweka sebuleni. Nichape wapi, na ukubwa gani? Nilikuwa nafikiria ujae ukuta mzima.

---

Mzee wa Uchapaji

Binti yangu, ukuta mzima usithubutu. Ukiukuza mpaka mita mbili, kidoa kinakuwa sahani ya chai, na ule umbali wa visiwa unavunjika, labda ukae nje ya nyumba ndipo uone. Uchape kwa ukubwa wake, sentimita 60 kwa 55, hata ukipungua kidogo si vibaya. Mchoraji alifariki 1910, haki zake zimeshakwisha, hakuna wa kukudai. Tafuta picha yenye ubora, siyo hii ya kunyofoa kwenye simu, kwa sababu mashine yetu inatia nukta zake juu ya nukta za mchoro, na picha ikiwa hafifu vinapigana, unaona mawimbi ya ajabu ajabu ambayo hayamo.

Na umwambie mchapaji akupe jaribio dogo kwanza, kipande cha visiwa na kipande cha mchanga. Zambarau ile na machungwa ile ndizo rangi zinazotushinda kwa wino nne, zinatoka zimezimika. Mwenye mashine ya wino nane au zaidi atakupa kitu cha maana. Karatasi isiyong'aa. Kioo usiweke.

---

Chumvi Chumvi

Mzee na bei je?

---

Mzee wa Uchapaji

Bei tunaongea PM.